Ini lilivyoninyang'anya ulimi wa kupikia pilau

Wakuu, habari za huko mliko. Nawasalimu kutoka Nyamirambo, Kigali. Nasimulia yaliyonikuta bila kuongeza chumvi, maana chumvi ndiyo iliyoniponza.

Mimi ni fundi cherehani, ila kwenye harusi zetu Waislamu wa hapa mpishi wa pilau ni mimi. Silipwi. Ni heshima tu, na naipenda kuliko cherehani.

Nina homa ya ini sugu, ini lina makovu. Majirani wakanishauri niache nyama, mayai, hata maharage. Nikaacha bila kumuuliza daktari. Ujuaji!

Miezi ikapita, kila chakula kikawa kama karatasi. Lawama zote kwa mke wangu. Maskini, alikuwa anapunguza chumvi kama hospitali walivyoagiza.

Ikaja harusi ya binti wa shemeji yangu, huko Kabuga. Kwetu mpishi huonja supu peke yake kabla ya kumwaga mchele, haingiliwi na mtu. Nikaonja, hamna kitu. Nikatia chumvi. Nikaonja, nikatia tena.

Wakuu, wageni walikula tonge moja wakageukia maji!

Mke wangu akanivuta nyuma ya masufuria.

"Baba Salma, hii chumvi iko mingi! Kweli wewe hausikii?"

"Sisikii kitu."

Hasira zikamwisha hapo hapo. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Nikajua mwiko nimeshanyang'anywa.

Kesho yake tukaenda hospitali, Kicukiro. Vipimo vikaonyesha madini ya zinki mwilini yako chini. Daktari akasema kwa wenye ini sugu hilo hutokea sana, na ulimi unaweza kupoteza ladha. Tena vyakula vyenye zinki nilivikimbia mwenyewe.

"Muzee, nani alikukataza maharage?"

Nikaangalia viatu vyangu.

Akanipa vidonge, akanirudishia maharage na nyama kiasi. Baada ya wiki kadhaa ladha ikaanza kurudi. Mke wangu nikamwomba msamaha, akanisamehe, ila taratibu.

Hivi karibuni shemeji akapiga simu, binti wa pili anaolewa. Nikajua naalikwa kukaa mkekani na wageni wengine.

"Shemeji, kuja na mwiko yako. Ila safari hii mutaonja wawili."

Siku ya harusi nikaonja supu, nikasema chumvi imepungua kidogo. Mke wangu akaonja.

"Ongeza kidogo."

Wakuu, machozi yalinitoka, na vitunguu vilishaiva zamani.

Nilichojifunza: ladha ikipotea, mwone daktari kabla ya kumgombeza mpishi. Na zinki usijinunulie kiholela, pima kwanza.

Wenye ini kama langu, nanyi mlikatazwa nini na majirani? Semeni, tucheke wote.