Swali la Restuta kwa Wanaume wa Miyuji

Restuta, muuza dawa wa Miyuji, huwauliza wateja wake wote kama wana mimba. Wote, mpaka wazee wenye mvi. Mzee Matonya aliwahi kulisusa duka lake kwa madai kwamba amevunjiwa heshima mbele ya mkwewe.

Lakini mama huyu ana sababu. Huku mimba changa haitangazwi, isije ikatupiwa jicho baya. Mke akiugua, mume hutumwa dukani akajifanye mgonjwa ni yeye. Restuta anawajua waongo hao, na wanamchosha kwelikweli.

Jioni moja akaja Yahaya, kijana wa Kondoa aliyehamia Miyuji na mkewe Zaitun.

"Shikamoo mama. Naomba vidonge vya doksi. Mkojo unaniunguza."

"Marahaba. Una mimba?"

"Mimi? Hapana."

"Unatapika?"

"Kila asubuhi," alijibu upesi, maana Zaitun alikuwa amemkaririsha dalili zote, naye si mtu wa kuacha kitu njiani. "Na harufu ya vitunguu siiwezi kabisa."

"Pole. Hedhi je?"

"Mara ya mwisho niliiona kabla ya Ramadhani."

Mteja aliyekuwa nyuma yake alitoka nje kwenda kucheka. Restuta aling'ata mdomo, akairudisha kabatini doksi aliyokuwa ameshaitoa.

"Mwanangu, mgonjwa ni nani?"

Yahaya alitazama viatu vyake. Alikuwa amemwapia mkewe kwamba hatamtaja.

"Ni mimi," alisema. "Mwenye mimba ni mimi."

"Ya ngapi hiyo?"

"Ya tatu. Mbili zilinitoka."

Hapo kicheko chote kikamwisha Restuta. Alimwonea huruma sana.

"Basi nisikilize. Doksi wajawazito hawapewi, inaweza kuharibu meno na mifupa ya mtoto. Ila mkojo huo nao usiuache, una hatari zake. Kesho asubuhi nenda zahanati wakupime, wakupe dawa inayokufaa. Na uende na mkeo."

"Nitamwambia nini? Nimeapa."

"Kwani umemtaja? Mwambie una mimba, akusindikize."

Yahaya alicheka huku anafuta macho. Akaaga, akafika mlangoni, kisha akarudi mpaka kaunta na kuinamisha kichwa.

"Mama, usingeniuliza, ningempa doksi hiyo kwa mkono wangu mwenyewe."