Walinzi Walioshusha Makombeo

Mama mkulima aliyenilisha mchele wa Madibira kwa miaka mingi hatunaye tena. Binti yake alinipigia simu hapa Iringa, akasema, "Mjomba, mama ametangulia." Saratani ya ngozi ilianzia chini ya unyayo wake, doa jeusi ambalo mwenyewe aliliita kovu la kuchomwa na bua la mpunga. Nani Madibira hana kovu la namna hiyo? Alilipaka mafuta, akaendelea kupandikiza.

Nilimtembelea alipolazwa. Daktari alikuwa amemtajia dawa zinazowaamsha walinzi wa mwili, naye akanidaka nikiwa bado mlangoni: "Kamwene, mwandishi! Njoo unifafanulie, daktari kaniacha njiani." Nikamkumbusha tunavyoamia ndege, tukiwafukuza mpungani kwa makombeo. Mpita njia huita, "Hodi shambani!" na mwenye kombeo hulishusha asije akampiga mtu. Chembe za kinga nazo zina masikio yake, vipokezi vinavyoziambia zitulie, zisiushambulie mwili wenyewe. Saratani imejifunza kupiga hodi hiyo. Hata maambukizi sugu, yakikaa mwilini muda mrefu, huwafanya walinzi washushe mikono, na watafiti wanajaribu dawa za namna hiyohiyo dhidi yake. Dawa huziba masikio hayo, mlinzi asiisikie hodi ya mwizi, arushe jiwe. Akacheka mpaka akakohoa. "Sasa mlinzi akiwa kiziwi, si atanitoboa mimi mwenye shamba?" Nikakiri kwamba hutokea, ndiyo maana mgonjwa hufuatiliwa kwa karibu, na si kila anayetibiwa hupona. Akasema, "Basi waambie wazibe tu. Mpunga wangu umeshaanza kuinama, nataka niuvune mwenyewe."

Hakuuvuna. Dawa hizo ni ghali na kwetu ni adimu. Ndugu zake walikuwa bado wanahangaika namna ya kumfikisha zinakopatikana. Inaniuma kwamba binadamu wamekwisha kuujua ujanja wa ule ugonjwa, na ujuzi huo haukumfikia mtu aliyeutamani hivyo. Inaniuma zaidi nikilikumbuka lile doa. Tukitoka majarubani tunaoshea miguu mferejini, tunasugua tope hadi magotini, kisha tunatumbukiza miguu kwenye kandambili tukiwa tumesimama. Unyayo hakuna anayeutazama. Leo jioni keti kwanza, ndugu yangu, uugeuze mguu. Ukiona doa jeusi linalokua, au kidonda kisichopona, kipeleke hospitali kabla hakijajifunza kupiga hodi.