Fundi wa bustani aliyesahau jeneza

Saa nne asubuhi, fundi wa bustani amepiga magoti kwenye lango la kanisa, anasukuma chungu cha asumini kwa bega. Gari lenye jeneza limeshaondoka nyumbani kwa wafiwa.

"Shemeji, vuta kidogo tena! Pima viwiko vya wabebaji, usipime mabega!" anamwambia mdogo wa mumewe, aliyeshika upande wa pili.

"Kwa uzito huu, leo nitabebwa mimi," anajibu shemeji huku akihema.

Utani huo haumchekeshi. Leo jeneza linapita hapa kwa mara ya kwanza tangu siku ile anayoiita "siku ya mwiba".

Majirani humwita Mama Vyungu. Alikuwa akiuza miche kando ya barabara hadi kamati ya kanisa ilipomkabidhi lango hili alipendezeshe. Sasa zaidi ya nusu ya kipato chake kinatoka hapa, na watoto wake watatu wanasoma kwa kazi hiyo.

Alipanga vyungu pande zote mbili, bogenvilia nyuma na asumini mbele, akachimba matuta yaliyopinda hadi kwenye ngazi. Katika harusi ya kwanza watu walipiga picha mpaka bibi harusi akachelewa kuingia ibadani.

"Nilipima kwa bibi harusi na baba yake wameshikana mikono," anasema. "Jeneza halikunijia akilini kabisa. Nani anapanda maua akiwaza jeneza?"

Mwezi uliofuata mwalimu wa kwaya akafariki. Wabebaji walipofika kwenye vyungu, mwiba wa bogenvilia ukamnasa mmoja kotini. Akageuka kujinasua, jeneza likainama, mjane akapiga yowe. Walilidaka, lakini Mama Vyungu alitamani ardhi immeze.

Kamati ikataka lango lote limwagwe saruji. Mwenyekiti akampa nafasi moja tu: "Msiba ujao ukipita salama, maua yatabaki. Ukikwama, tusilaumiane."

Aling'oa bogenvilia zote na kuyarudisha matuta nyuma. Kisha akawaomba vijana wa kwaya wabebe benchi mabegani kama jeneza, wapite nalo langoni ili apime. Walikataa katakata.

"Walisema nawachuria kifo! Ikabidi abebe mume wangu, shemeji, na kaka zangu. Nao walibeba wakinung'unika."

Jeneza linafika. Mama Vyungu anarudi nyuma mpaka ukutani, ameuma ncha ya kitambaa chake. Mwenyekiti amesimama kando. Mbebaji wa kushoto anayumba kwenye ngazi na kiwiko chake kinapangusa majani ya asumini.

Hakuna anayesimama. Wanaingia. Mama Vyungu anaketi palepale kwenye udongo na kulia, hajali nani anamwona.

Baada ya ibada mwenyekiti anapita karibu yake. "Mama, jioni usisahau kumwagilia maua," anasema, na kuendelea na safari yake.

Sasa anapanga kufungua kitalu chake mwenyewe na kuchimba matuta mengine upande wa pili wa kanisa. Lango hili, anasema, hataligusa tena.

"Na siku yangu ikifika," anasema akikung'uta magoti, "wanipitishe hapahapa. Nafasi ipo, nimepima mwenyewe."