Wahispania Arobaini na Mmoja wa Dirisha Namba Tatu

Mama yangu mdogo alikaa nyuma ya dirisha namba tatu, la habari za watalii, kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo kazi yake kubwa ilikuwa kuwaelekeza watu wasio watalii njia ya kwenda hospitali. Watalii wenyewe walikuwa wa kuhesabika. Ofisi ilikuwa ghorofa ya chini na dirisha lilitazama barabara. Kioo kilikuwa na tundu la duara la kupitisha sauti, na chini yake upenyo wa kupitisha ramani. Watu wa mtaani walimwita Bi Dirisha. Mume wake alipofariki, nyumba ikabaki na mlio wa saa ya ukutani, na yeye akaanza kufika kazini nusu saa kabla ya mlinzi. Sikumuuliza kwa nini. Mtu akiulizwa njia, anajua bado yupo.

Mwaka huo bosi alirudi kutoka makao makuu na barua. Wakubwa walikuwa wamegundua kwamba Wahispania wanasafiri sana duniani na kwetu hawafiki. Kwa hiyo kila dirisha lilitakiwa lionyeshe, kufikia mwisho wa mwaka, ongezeko la Wahispania lisilopungua asilimia ishirini. Dirisha litakaloshindwa litafungwa, na karani wake atahamishiwa bohari la majalada, chini kabisa ya jengo, chumba chenye balbu moja na kisicho na dirisha.

"Mwaka jana tulipata Wahispania wangapi?" bosi akauliza.

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Alikuja mmoja kuuliza choo, lakini alikuwa Mreno."

Bosi akakuna kidevu.

"Sasa asilimia ishirini ya hakuna ni ngapi?" Mama Mdogo akamuuliza.

"Mama, tafadhali. Tusianze hivyo."

Jioni alinisimulia huku akipiga pasi sketi ya kazi. "Giza la bohari siliogopi, mwanangu. Naogopa kukaa mahali ambapo hakuna wa kuniuliza kitu." Akaigeuza sketi, akaendelea kupiga pasi upande ambao tayari ulikuwa umenyooka.

Mpango wa bosi ulikuwa mazoezi. Alikuwa amesikia kwamba mgeni aliyepokewa vibaya harudi, wala hamleti mwenzake. Na kwa kuwa Wahispania wa kufanyia mazoezi hawakuwepo, kila Alhamisi asubuhi wafanyakazi wangetoka mlango wa nyuma, wazunguke jengo, watokee dirishani wakiwa Wahispania. "Na mlichukulie kama kweli," akasema. "Atakayeleta mzaha nitamwandikia barua."

Sasa Mama Mdogo alikuwa mtu wa utaratibu. Upande wake wa kioo ulibandikwa waraka uliopauka: kila afikaye dirishani kutaka habari aandikwe kitabuni na atie saini, na uraia uandikwe kama mgeni mwenyewe alivyoutamka. Kitabu kilikuwa kimoja, kimeshonwa, kila ukurasa na namba yake na mhuri wake. Kuhusu mazoezi waraka haukusema lolote.

Wa kwanza kufika alikuwa dereva, amevaa miwani ya jua.

"Ola," akasema.

"Karibu. Jina?"

"Dada, si unanijua?"

"Wahispania siwajui. Jina?"

Akataja jina la baba yake na kuongeza herufi o mwishoni.

"Unatokea wapi?"

"Madridi."

Akaandika. Nyuma yake alikuja mlinzi, rungu bado liko mkononi.

"Umekuja kwa shughuli gani?"

"Kulinda geti."

"Mhispania gani huyo analinda geti?"

"Kwani kwao hakuna mageti?"

Hilo Mama Mdogo alilitafakari, akaandika. Aliyenogewa kupita wote ni mama mfagizi. Alikuja kama Mhispania mara saba, kila mara na mji mpya, na mara ya nne alilalamika kwa sauti kwamba korido za ofisi hii ni chafu na kwao Barselona mambo kama haya hayavumiliki. Bosi alimpongeza.

Mwaka ulipobakiza mwezi mmoja, hesabu ya kitabu ilipanda makao makuu kwenye fomu yake ya kawaida. Bosi aliisaini bila kuisoma, kama alivyosaini zote. Wiki mbili baadaye ikaja barua ya pongezi. Bosi akashuka nayo dirishani, uso umekunjamana.

"Mama, hawa Wahispania arobaini na mmoja walikuja lini?"

"Alhamisi."

Akavuta kitabu, akakisoma taratibu, kidole kikishuka na mistari. "Huyu wa kumi na tisa saini yake inafanana na yangu."

"Ni yako. Ulisema unatokea Sevilla."

Bosi akakifunga kitabu. "Tuchane ukurasa."

"Kurasa zina namba, bosi. Ukichanika huo, na sisi tunachanika nao."

Kabla hawajapata la kufanya, mkaguzi akaja. Siku hiyo nami nilikuwepo, nimempelekea Mama Mdogo miwani aliyoisahau nyumbani. Mkaguzi alikuwa kijana mwembamba, mpole, kompyuta yake ameikumbatia kama mtoto mwenye homa.

"Hongereni sana," akasema. "Ila kompyuta inakataa. Inataka kugawanya kwa Wahispania wa mwaka uliotangulia, na ninyi mna sifuri. Ikikutana na sifuri inagoma. Nahitaji Mhispania mmoja tu wa mwaka ule. Hata kama alikuwa anapita."

"Hatuwezi kumrudisha mmoja nyuma?" bosi akanong'ona.

"Nikurudishe wewe?" Mama Mdogo akamjibu.

Ni hapo ambapo mwanamke mmoja alisimama nje ya kioo. Umri wangu hivi, mkoba mgongoni, viatu vimejaa vumbi. Kwa Kiingereza cha kuokoteza alisema ametoka Hispania na anaomba ramani. Ofisi nzima iliganda. Nadhani hakuna aliyekuwa amewahi kuamini kwamba wapo kweli.

Mkaguzi ndiye aliyewahi. Alikinyanyua kitabu, akamwonyesha kupitia kioo, uso umejaa furaha. "Karibu sana. Wenzako arobaini na mmoja wameshatangulia."

Uso wa yule mwanamke ukanywea. Akaeleza, pole pole, kwamba amepita nchi nne na kila hoteli amekuta watu wa kwao, nchi ya tatu akakuta hata daktari wake wa meno. Hapa alikuja kwa sababu kitabu chake cha safari hakikupataja. Akashukuru, akauliza kituo cha mabasi kiko upande gani.

Nilimtazama Mama Mdogo. Alikuwa na kalamu mkononi, tayari kuinyoosha upande wa kituo. Angeinyoosha tu, mambo yangekwisha: arobaini na mmoja wangebaki kitabuni, na pengine dirisha nalo lingebaki. Mkono ukabaki hewani. Mtu amesimama mbele ya kioo chake anauliza, na jibu analo.

"Subiri kidogo, dada," akasema, akafungua mlango wa pembeni ambao sikuwahi kuuona ukifunguliwa, akamshika mkono mgeni akamwingiza ndani.

Akaita mmoja mmoja. "Huyu ndiye wa Madridi. Mke wake amejifungua juzi, hospitali hii ya mbele. Huyu analinda geti. Huyu mama ni Wahispania saba. Na huyu wa Sevilla ndiye bosi wetu. Wengine ni hawa hawa, wamerudi tena. Wa kweli hajafika hata mmoja."

Mgeni akawapa mikono wote. Mfagizi akamwomba radhi kwa korido. Halafu yule mwanamke akaanza kucheka, cheko la mtu aliyechoka safari ndefu, mpaka akaketi kwenye kiti alichokuwa amekalia dereva.

Mkaguzi hakucheka. Aliazima rula, akawakata Wahispania arobaini na mmoja kwa wino mwekundu, kila mmoja kwa mstari wake ulionyooka, akamwandika mgeni chini yao. Kisha akaingiza kwenye kompyuta: mwaka huu mmoja, mwaka jana sifuri. Akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Bado inagoma," akasema, kwa huzuni.

Bila asilimia dirisha haliwezi kusifiwa, na bila asilimia haliwezi kufungwa. Tena fomu ya mwaka mpya haifunguki mpaka ya zamani ifungwe. Akaandika "linashughulikiwa", akaaga.

Limeendelea kushughulikiwa hadi leo, mwaka wa tatu huu, na Mama Mdogo amebakiza miezi mitano astaafu. Mgeni alikaa wiki mbili. Siku ya kuondoka alipita dirishani, akamwambia kwamba amepapenda mno mahali hapa, na akaapa hatamwambia mtu.

Mpaka sasa ametimiza. Juzi nilipopita nilimkuta Mama Mdogo akimwelekeza mzee mmoja hospitali, kalamu imenyooshwa nje ya upenyo wa kioo, akirudia mara ya pili kwa sababu mzee alisahau.

"Ukifika kwenye nguzo, baba, usikate kona. Endelea tu."