Watazame Wanaotoka

Kuna siku moja ya mvua ambayo haijanitoka moyoni, mwanangu. Ni siku ile senge yetu aliposhuka kutoka Mumias akatukuta mimi na kaka yangu Rajabu hatusemezani. Senge ni shangazi, dada ya baba, yule ninyi wa leo mnamwita anti na kumpungia mkono kwa mbali. Wetu hakupungiwa mkono. Wetu aliketi, akavua viatu vilivyolowa, akauliza, "Nani amekufa humu ndani?"

Hakuna aliyekuwa amekufa. Kilichokuwa mahututi ni karakana yetu.

Ilikuwa miaka ya tisini. Wageni walikuwa wameanza kufika msituni, huko Buyangu, kutazama ndege na mbega, na walikuja na magari yaliyobeba nyumba nzima juu ya paa: mitungi ya maji, magodoro, sufuria, mpaka viti. Rajabu alikuwa fundi wa kuchomelea. Alitengeneza keria za kufunga juu ya magari hayo. Mimi nilishona mahema na mifuko ya turubai, kazi ambayo huniumiza vidole mpaka leo nikiikumbuka. Tuliiita biashara yetu Mbega, na mbega wa kwenye kibao nilimchora kwa mkono wangu. Rajabu alisema anafanana na mbuzi aliyevaa kanzu. Haya, alisema hivyo, lakini watu walimjua mnyama wetu kutoka hapa Kakamega mpaka Bukura.

Taabu ni kwamba kujulikana mpaka Bukura hakujazi sufuria. Wageni waliokuja walikuwa tayari wameshanunua vitu vyao Nairobi. Tulikaa wiki nzima tukitazamana, yeye na chuma chake, mimi na cherehani yangu. Kisha Rajabu akapata habari ya kazi Kisumu, kazi ya kuajiriwa, yenye mshahara na chai ya saa nne. Akaniambia waziwazi, "Dada, nimejaribu. Mwaka huu tusipopata wateja wa maana, nafunga mlango, naenda." Na akienda, mwanangu, mimi nitauza nini? Mfuko wa turubai usio na keria ya kuuwekea? Ningerudi kushona sare za shule, na mbega wangu angeozea ukutani. Nililia, sikufichi. Nililia jikoni ili asinione.

Basi mwaka huo yalitufikia maonyesho mawili. La kwanza lilikuwa Nairobi, maonyesho ya vifaa vya safari, ndani ya ukumbi wenye zulia, na waziri angekuja kufungua. La pili lilikuwa mwezi mmoja baadaye, na wala halikuitwa maonyesho. Watu wenye magari ya safari ndefu, wale wanaoendesha mpaka Turkana na kuvuka mipaka, walikutana kiwanjani kule Naivasha, wakapiga mahema, wakakaa siku chache wakionyeshana magari na kupeana habari za barabara. Fundi mwenye bidhaa aliruhusiwa kuja. Hapakuwa na zulia, choo chenyewe kilikuwa cha kuchimba.

Uwezo wetu ulikuwa wa safari moja ya mzigo. Tungebeba keria na mahema mara moja tu, upande mmoja. Rajabu alitaka Nairobi. "Biashara ni matangazo!" alinipigia kelele. "Waziri atapita mbele ya kibanda chetu. Unataka nikakae matopeni na watu wanaopika maharagwe kwenye mkebe?" Mimi nilitaka tuende kote kuwili, tukope gari, tujaribu bahati. Yeye akaniita mlafi, mimi nikamwita bwana zulia. Hapo ndipo maneno yalipokwisha, na senge akatukuta.

Tulimpikia ingokho, maana senge hapewi habari kabla ya kuku. Alikula bila haraka, akimega obusuma, ugali wetu, kidogokidogo, nasi tukimweleza kila mmoja upande wake. Alipomaliza alinawa, akashukuru Mungu, akamgeukia Rajabu.

"Hiyo ya Nairobi umewahi kwenda kuiona?"

"Bado, senge. Lakini inajulikananga. Watu wanaingia kama siafu."

"Sikuuliza wanaoingia. Wanaotoka, wanatokanga na nini mkononi?"

Hilo hatukuwa tumejiuliza. Hakuna aliyejua.

Senge alicheka mpaka akakohoa. Yeye, mwanangu, alikuwa muuza khanga, mwanamke aliyezunguka masoko ya Mumias na Matungu na kwingine kabla sisi hatujazaliwa, akasomesha watoto kwa mgongo wake. Akatuambia kwamba hajawahi kupeleka mzigo soko asilolijua. Kwanza huenda mikono mitupu. Hukaa mahali watu wanapotokea, akanunua ndizi yake, akala, akatazama mikono ya wanaorudi nyumbani. Palikuwa na soko moja kubwa, alisema, watu hawana pa kukanyaga, na kila muuza nguo alilikimbilia. Yeye akakaa njiani pa kutokea: huyu katoka na vifaranga, huyu na mbegu, huyu na jembe. Khanga hakuna. Akaondoka, hakurudi tena. Akaenda kasoko kadogo ambako wenzake walikacheka, akaona wanawake wanatoka na nguo zimekunjwa kwapani. Hapo ndipo alipotandika mkeka wake.

"Wanaoingia wanakuja na macho," alisema. "Wanaotoka wameshafungua mikono. Na kwetu, hata posa haijibiwi kabla mashangazi hawajaenda kuiona ile nyumba kwa macho yao. Ninyi mnataka kuolewa na Nairobi kwa kusikia tu?"

Rajabu alikasirika. Alisema nafasi ya kibanda haitangoja mashangazi, na Kisumu haitangoja pia. Tukienda kutazama tu, mwaka umekwenda. Na hapo, mwanangu, alisema kweli, usidhani ushauri wa wazee hauna gharama yake. Senge hakubishana. Alisema tu, "Basi mpeleke dada yako akatazame. Kama nimekosea, funga mlango wako, nami nitakuombea dua Kisumu." Kaka yangu akakubali. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na Rajabu aliipenda miguu yake.

Nikaenda. Mikono mitupu, na ndizi zangu kwenye mfuko, maana mafundisho hufuatwa yote. Ukumbi ulikuwa mzuri, siwezi kusema uongo. Taa, muziki, wasichana wamevaa sare wakigawa pipi. Niliingia nikazunguka mara moja, roho ikanivuta kwa tamaa, nikawaza mbega wetu akiwa pale juu, akimulikwa. Kisha nikajikaza, nikatoka nje, nikasimama langoni kuanzia asubuhi mpaka wafagiaji walipoanza kunifukuza.

Wee! Watu walitoka na mifuko ya nailoni imejaa karatasi. Walitoka na kofia, kalamu, kalenda, watoto wakiburura baluni. Nilimsimamisha mama mmoja mwenye karatasi nyingi nikamuuliza kama amenunua hema. "Hema la nini?" akanijibu. "Mimi naishi gorofani. Nimekuja kupunga hewa." Waliovaa suti ndio waliokuwa wakizungumza kwa bidii, nikasogea nisikie. Kumbe wote wana vibanda mle ndani! Muuza mahema alikuwa akimpa muuza mahema mwenzake kadi yake. Siku nzima sikuona keria ikitoka, wala mtu anayepima paa la gari lake.

Nilirudi nikamweleza Rajabu. Nilitegemea atabisha, lakini alikaa juu ya debe, akashika kichwa. "Sasa Naivasha nako kukiwa hivyo?" aliniuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, nikamhurumia sana. Kwa kanuni ya senge tungepaswa kwenda Naivasha pia mikono mitupu, lakini muda ulikuwa umetuishia. Tukakubaliana tubebe kidogo: keria moja, hema moja, na sanduku lake la vifaa na mashine ya kuchomelea. Hata sanduku alilibeba kwa kununa.

Tulifika Naivasha mchana, na mvua ikafika pamoja nasi. Nilipiga hema langu mvuani. Rajabu hakunisaidia kuita wateja. Alikwenda kusimama pale magari yanapopita, mikono mfukoni, akitazama. Nilidhani amenuna. Kumbe anatazama wanaotoka! Baadhi ya watu walikuwa wanaondoka mapema kwa sababu ya mvua, na aliona gari la kwanza likipita keria yake imefungwa kwa kamba ya katani. La pili, keria imepinda upande kama kofia ya mlevi. La tatu, mwenyewe ameiondoa kabisa, ameilaza ndani juu ya viti, watoto wamebanana. Walikuwa wanatoka na vitu vilivyovunjika, mwanangu, na kiwanja kizima hakikuwa na fundi.

Alirudi mbio, akateleza matopeni, akainuka. "Sanduku langu liko wapi?" Sijamwona mtu anayetafuta spana kwa furaha kama ile. Waandalizi walikuwa na jenereta, wakamwachia. Alichomelea chini ya turubai mpaka nguo zikamnuka moshi. Aliyetengenezewa alimwita mwenzake, na mwenzake akapanda juu ya paa kuitazama ile keria yetu moja, akaisukuma, akaning'inia, mtu mzima mwenye tumbo lake! Keria haikulia hata kidogo. Siku ya pili watu walikuwa wanampimisha mapaa ya magari yao, na yeye amejaza mifuko vipande vya kamba vyenye vifundo vya vipimo, kila kimoja na jina la mwenyewe limefungwa kwa karatasi.

Na mimi je? Mimi niliambiwa ukweli. Mama mmoja dereva wa watalii, mwanamke wa sauti nzito, aliingia katika hema langu wakati mvua inanyesha, akaketi humo, akanywa chai yake yote akinitazama. Akasema, "Hema zuri. Lakini hapa mlangoni maji yanaingia, na mimi silali na maji." Nikapiga magoti nikapapasa ule mshono, ni kweli, ulikuwa unalowa. Uso uliniwaka. Pale Nairobi ningepewa pongezi na pipi, nikarudi nyumbani na mshono uleule. Nikamwomba anionyeshe anavyotaka mlango ukae, akanionyesha, nikashona upya palepale kwa sindano ya mkono. Akarudi mvua ilipopamba moto, akaketi tena, akapapasa chini. Pakavu. Akaniuliza tu nitamshonea mengine lini.

Tulikuwa tukifunga mizigo, nikamuuliza Rajabu atawaambia nini watu wa Kisumu. Alikuwa akilitazama lile gari la yule mtu mwenye tumbo likipita mbele yetu kuelekea barabarani, limebeba keria yetu; mwenyewe aliing'ang'ania hata akakataa kungoja nyingine. Kaka yangu alivua kofia. Machozi yalimtoka, akayapangusa kwa kiganja cheusi cha masizi, akajipaka uso mzima. "Mwambie senge," akasema, "Kisumu asiniombee." Nilicheka nikilia.

Sasa nawe, mwanangu, una biashara yako ya vifaa vya safari na jina lake, una vitu vyako vizuri, na kila mwezi unaletewa mwaliko: njoo huku, njoo kule, kibanda chako kiko tayari. Sikukatazi kwenda. Nakukataza kwenda kote, kwa sababu mshika mbili moja humponyoka, na mwenye vibanda vingi huwa hana muda wa kuboresha anachouza. Sikukatazi maonyesho makubwa pia. Liko kubwa lenye wateja, na liko dogo lisilo na kitu ila matope. Ukubwa hautakuambia lolote. Nenda kwanza bila mzigo, ukose mwaka ikibidi, usimame pale watu wanapotokea. Wakitoka na karatasi, wape salamu uondoke. Wakitoka na bidhaa kama yako, tandika mkeka. Wakitoka na vilivyovunjika, kimbilia sanduku lako. Na ukiwa na mawili usiyojua lipi bora, chagua lile ambalo mteja atakaa ndani ya kitu chako mvua ikinyesha, akakuambia usoni panapovuja. Mtu huyo mshukuru, mpe chai, kwa maana amekupa kile ambacho sifa haiwezi kukupa.

Basi nenda, mwanangu. Mungu akufungulie njia iliyo yako na akufungie kwa upole ile isiyo yako. Akupe ndugu wa kugombana naye na kupatana naye. Kazi ya mikono yako ipite malango mengi juu ya magari ya watu, ifike usikofika wewe, na kokote itakakolala, waliomo ndani waamke wakiwa wakavu. Amina.