Fundo la Ndama kwenye Waya wa Breki

Mtu akiniletea gari na kusema breki zina shida, siingii uvunguni kwanza. Nakaa kwenye kiti cha dereva, nafungua swichi bila kuwasha injini, natazama taa za dashibodi. Zote zinatakiwa kuwaka, kisha zizime, nyingine zenyewe na nyingine injini ikiwaka. Taa isiyozimika inakuambia kuna ugonjwa. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya zaidi, maana hapo kuna mtu amepita kabla yako.

Siku hiyo taa ya ABS haikuwaka kabisa.

Mwenye gari alikuwa mama mmoja wa upande wa Sapiwi, muuguzi mstaafu aliyezunguka zahanati za vijijini maisha yake yote. Gari lilikuwa dogo, la zamani, limeshapita mikono ya watu watatu au wanne kabla yake. Aliliendesha mwenyewe kwenda kanisani, mnadani, na kwa wagonjwa ambao walikuwa bado wanamwita kama vile hajastaafu. Wiki moja kabla hajaja kwangu, mvua ikiwa imetoka kunyesha, ng'ombe walivuka lami mbele yake. Akakanyaga breki kwa nguvu zote. Magurudumu yakaganda, usukani ukawa haumsikilizi, gari likateleza moja kwa moja hadi kwenye kundi, likamgonga mtamba na kuishia ndani ya shamba la pamba. Mtamba alivunjika mguu, wakamchinja palepale. Yeye hakupata hata mkwaruzo.

"Wenye ng'ombe hawakunigombeza," aliniambia. "Wale vijana nusu yao niliwapokea mimi wakizaliwa. Walinishika mkono kama wananivusha mto, wakasema, mayu, mama yetu, sasa pumzika. Afadhali wangenitukana."

Mwanawe mkubwa, anayefanya kazi Mwanza, alipiga simu jioni ile ile: mama, umri umekwenda, uza hilo gari. Ndiyo sababu alikuja. Hakuniambia nitafute ubaya wa breki, alitaka nilikague ili atakayelinunua asipate taabu. Ubaya alikwisha kuupata, na alikuwa na hakika kwamba ni yeye mwenyewe. Iliniuma kumsikia, maana alilisema jambo hilo kwa upole sana.

Sasa, ABS kazi yake ni ndogo kuieleza. Dereva akikanyaga kwa hofu, gurudumu likitaka kuganda, ile mashine inaachia breki na kuikamata tena haraka haraka, ili gari lipungue mwendo huku bado linafuata usukani. Gari la mama lilikuwa na mashine hiyo. Halikupaswa kuteleza vile.

Nikafungua dashibodi. Kishimo cha taa ya ABS kilikuwa kitupu, kimezibwa kwa tepu nyeusi.

Mimi nina mdomo, majirani zangu wote wa gereji wanajua. Nilisimama katikati ya uwanja nikaanza. Fundi gani mhuni huyu? Gari linalalamika, yeye analing'oa jicho! Mtu kama huyu anyang'anywe spana, apewe jembe akalime dengu! Wenzangu wakacheka. Mama naye, aliyekaa kwenye benchi mkoba ukiwa mapajani, akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Jembe lenyewe atajikata nalo," akasema. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na huyu kaficha ya mwenzake."

Nikafungua boneti huku bado natukana. Nikafuata waya hadi kwenye mashine ya ABS. Plagi yake ilikuwa imechomolewa, imegeuzwa pembeni na kufungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu. Nililijua lile fundo kabla sijaligusa.

Baba yangu alilitumia kufungia ndama wakati mama yake anakamuliwa. Unazungusha mara mbili, mkia unaupitisha chini, na ukitaka kufungua unavuta kwa mkono mmoja tu. Mafundi wa hapa Bariadi hufunga waya kwa tepu au kwa kamba za plastiki. Anayefunga kwa fundo la ndama ni mmoja, nami ninamnyoa ndevu kila Jumapili.

Ndipo gari nikalikumbuka. Miaka saba nyuma lilikuwa la rangi nyingine, na mwenyewe alikuwa mnunuzi wa pamba. Alilalamika kwamba kila gari likikaribia kusimama, pedeli inatetemeka na kunguruma, hata kwenye barabara kavu. Nilikuwa ndiyo kwanza nimefungua gereji yangu. Sikuwa na kompyuta ya kupimia, na kusema "sijui" mbele ya mteja niliona aibu. Siku zile tulikuwa na jibu moja mjini: ABS haziwezi barabara zetu, chomoa. Nikachomoa. Pedeli ikatulia, lakini taa ikawaka. Mteja akasema taa inamkera, nami nikaing'oa. Aliniita daktari, na mwezi mzima nilitembea kifua mbele.

"Vipi fundi, umemjua?" mama aliuliza kutoka kwenye benchi.

"Bado, mayu," nikasema. "Bado natafuta."

Nilidanganya mchana kweupe. Nikamwambia aliache gari siku mbili.

Kazi yenyewe nikaifanya kama mtu anayelipa nadhiri. Nilisugua meno ya plagi yaliyokuwa yameota ukijani, nikaichomeka, nikarudisha taa. Ikawaka na kugoma kuzimika, kama nilivyotarajia. Nikaunganisha kompyuta ya kupimia, nikaliendesha gari polepole nikisoma mwendo wa kila gurudumu. Matatu yalionyesha kilomita kumi na tano kwa saa. La mbele kushoto lilionyesha sifuri. Basi jibu likawa wazi. Mashine ilikuwa inaambiwa gurudumu hilo limeganda wakati linazunguka, hivyo ikaachia breki bila sababu. Ule ndio mtetemo aliousikia mnunuzi wa pamba.

Nikapiga jeki, nikatoa gurudumu. Sensa, kile kijicho kinachosoma mzunguko wa gurudumu, ilikuwa imevimbiwa. Chini yake kutu imeinyanyua ikakaa mbali na ringi ya meno inayotakiwa kuisoma, na kwenye ncha yake yenye sumaku umeganda udongo mweusi wa mbuga uliochanganyika na unga wa chuma. Brashi ya waya, msasa kidogo, nikairudisha. Taa ikazima. Nikabadilisha mafuta ya breki na kutoa upepo, lakini hayo yalikuwa ya ziada. Ugonjwa wenyewe ulikuwa kazi ya nusu saa, na kwa miaka saba watu walikuwa wamepanda gari hilo bila kujua wanachokosa, kwa sababu mimi sikutoa gurudumu.

Sitajifanya mtakatifu. Siku ya pili nilifikiria kukaa kimya. Gari limepona, linauzwa, mpira ule nimeuchoma moto. Nani angejua? Ila kila nilipofika hapo nilimwona yule mama akimpa mtu ufunguo, kisha anakaa nyumbani kusubiri bodaboda, akiamini hadi anakufa kwamba uzee wake ndio uliomuua mtamba yule.

Alikuja asubuhi ya tatu, akanisalimia.

"Mwangaluka, fundi."

"Mwangaluka, mayu. Mhola?"

"Mhola duhu, salama tu. Limepona? Mnunuzi anakuja kesho."

"Limepona. Lakini utaliendesha wewe kwanza."

Alikataa. Nikamfungulia mlango wa dereva nikasimama hapo, na mimi ni mbishi. Mwishowe akapanda akinung'unika. Tulikwenda kwenye barabara ya changarawe nyuma ya mji, ambako hakupiti watu wengi. Nikaweka dumu tupu katikati, nikarudi kukaa kando yake.

"Ukifika karibu, kanyaga kama siku ile. Usiachie, na kata kona."

Mara ya kwanza pedeli ilitetemeka, akashtuka, akanyanyua mguu, dumu likaruka huko. "Inatetemeka!" akapiga kelele. Nikamwambia ndiyo kazi yake, iache itetemeke. Nikashuka nikaliokota dumu. Mara ya pili alikanyaga meno yakiwa yameumana, gari likanguruma, likalipita dumu kwa upande na kusimama. Vumbi likatupita.

Mikono ikiwa bado kwenye usukani, akaniuliza swali nililokuwa nalingoja.

"Mbona siku ile halikufanya hivi?"

"Kwa sababu mashine yake niliichomoa mimi, mayu. Yule fundi niliyekuwa namtukana ni mimi. Niliichomoa miaka saba iliyopita, na taa niliing'oa mimi."

Alinitazama jinsi wauguzi wanavyomtazama mtu aliyechelewa kuja hospitali. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, nikawa natamani aanze kunitukana. Hakunitukana. Alifungua mkoba, akatoa simu, akampigia mwanawe wa Mwanza. Mwanawe alipopokea, mama akaninyooshea simu.

"Mwambie wewe. Nikisema mimi, atasema mama anang'ang'ania gari."

Nikaipokea. Nilisalimia, nikajitaja kuwa fundi, na sauti ya upande wa pili ikauliza kwa haraka kama mama amegonga tena.

"Hapana," nikasema. "Mama yako hana kosa. Siku ile alikanyaga breki sawasawa. Breki niliziharibu mimi."

Kando yangu mama alikuwa analia, na hakujificha.