Neno Moja la Inspekta Rafsan

Mpwa wangu Jebunnesa ndiye mwandishi mkubwa kuliko wote mjini Bogura, na kipaji chake amekirithi kwangu. Mimi niliishia darasa la saba, na hilo la saba nililirudia mara mbili kwa sababu mwalimu alinipenda mno. Lakini kusimulia najua. Waulize wateja wanaokuja kununua mtindi dukani kwangu karibu na njia panda ya Satmatha. Mtu huja kununua chungu kimoja, akaondoka na vitatu na hadithi juu.

Jebu ana miaka thelathini na minne. Kumi na miwili kati ya hiyo ameikalia kwenye kiti kimoja cha plastiki, nje ya mlango wa daktari wa moyo, akiandika namba za wagonjwa na kuwaita ndani. "Namba tisa! Namba kumi! Baba, namba yako ishirini na sita, kaa chini, moyo wako utasubiri!" Mji mzima unamjua, ila hakuna anayejua jina lake. Sokoni wanamwita Dada Namba. Siku moja alipewa kadi ya harusi, na juu ya bahasha waliandika "Kwa Dada Namba na familia". Alicheka. Mimi niliyemlea baada ya mama yake kufariki, nilimtazama vizuri, nikaona hakucheka sana.

Kati ya namba na namba, Jebu huandika kwenye simu. Palikuwa na tamthilia ya televisheni, *Kivuko cha Tisa*, yenye Inspekta Rafsan anayekamata wezi wa mtoni, na Daktari Shiuli, mwanamke anayepasua maiti na kumwambia Inspekta nani kauawa na kwa nini. Watu wazima tulikuwa tukifunga maduka kuitazama. Kisha wenye televisheni wakaikatiza, Inspekta yuko juu ya boti, Daktari yuko gatini, hawajaambiana lolote. Basi mashabiki wenye hasira wakaanzisha kundi mtandaoni la kuiendeleza wenyewe. Kila mwenye kidole akaandika. Ya Jebu ndiyo iliyokuwa inasomwa kuliko zote, sura sitini na moja, na watu elfu kumi na mbili wakingoja ya sitini na mbili. Ila aliiandika kwa jina la kupanga, "Adhuhuri ya Mawingu", na wanakundi wa hapa mjini tu ndio waliojua ni yeye. Na mimi nilikuwa wa kwanza kusoma, ingawa sehemu za maiti niliruka.

Mkuu wa kundi ni Mwalimu Motaleb, mstaafu wa hesabu, mwembamba kama rula yake. Yeye ndiye aliyeleta Sheria ya Robo. Msimlaumu sana. Kabla ya sheria hiyo kulikuwa na bwana mmoja aliyeandika sura kumi na moja ambamo Inspekta Rafsan hakukamata hata mwizi wa kuku. Alikuwa anakausha nywele tu dirishani. Mwalimu akasema basi, tamthilia hii ni ya polisi, mapenzi yasizidi robo ya mistari. Na akatoa jedwali. Kushikana mkono, mstari mmoja. Kutazamana hadi chai ikapoa, mitatu. Mvua, nusu mstari. Mvua na mwavuli mmoja, minne. Anachapisha sura kwenye karatasi, anapiga mistari kwa kalamu nyekundu, anajumlisha. Hadithi ikizidisha hata katika sura moja, inaondolewa yote.

Mwaka huu jambo lilikuwa zito zaidi, kwa sababu kundi lilichanga fedha kuchapisha kitabu halisi, chenye jalada, cha kuuzwa kwenye maonyesho ya vitabu ya Februari. Hadithi moja tu ndiyo ingeingia. Wote tulijua ni ya nani. Jebu aliniambia dukani huku akilamba kijiko, "Mjomba, katika kitabu nitaweka jina langu. Lile lenyewe." Akachota tena. "Si Dada Namba."

Ndipo akaandika sura ya sitini na mbili.

Hapa lazima nisimame, maana wasomaji wangu wa Kiswahili mna bahati mbaya: mna "wewe" mmoja tu. Sisi kwa Kibangla tunao watatu. *Apni* ni wa heshima, wa mkubwa, wa mgeni, wa daktari. *Tumi* ni wa mtu wako wa karibu. *Tui* ni wa rafiki wa utotoni, wa mbuzi, na wa mimi ninapomsema mpwa wangu akichelewa. Mwanamume na mwanamke wasiohusiana wanaambiana *apni*. Siku mmoja akiteleza akasema *tumi*, basi, wazazi waanze kutafuta mpishi wa biriani ya harusi. Katika tamthilia nzima, na katika sura sitini na moja za Jebu, Rafsan na Shiuli waliitana *apni*. Walifukua makaburi kwa *apni*. Walizama pamoja kwa *apni*.

Sura ya sitini na mbili: ghala la juti linaungua, wezi wamekimbia, Daktari yuko ndani anaokoa ushahidi, ukuta unaegemea. Inspekta anapiga kelele kutoka mlangoni: "*Tumi* toka humo!"

Neno moja. Maoni mia tisa kabla ya chakula cha mchana.

Ijumaa, baada ya sala, wanakundi wa Bogura walijaa dukani kwangu, kama ilivyo desturi yao, kwa sababu mtindi wangu ni bora na viti vyangu ni vya bure. Mwalimu Motaleb aliweka karatasi mezani. Msichana wa chuo anayeitwa Tonima, kiongozi wa wale wanaotaka mapenzi mengi, alikuja amevaa nyekundu kama bibi harusi wa kwetu.

"Sura ina mistari tisini na sita," alisema Mwalimu. "Robo yake ni ishirini na minne. Kwa hesabu yangu, mapenzi ni arobaini na miwili."

"Arobaini na miwili?" Tonima aliruka. "Mwalimu, hawakushikana hata kidole! Hakuna mvua! Kuna moto!"

"Kuanzia neno lile mpaka mwisho wa sura, binti yangu, kila mstari ni mapenzi. Hata pale zimamoto wanapofungua mpira wa maji."

"Mpira wa maji ni mapenzi?"

"Baada ya *tumi*, ndiyo."

Nikaona wakati wangu umefika. Mimi ni wakili kwa kuzaliwa, basi tu sikupata joho. "Mwalimu," nikasema, nikijifuta mikono kwa aproni taratibu ili wote wanitazame, "hilo neno ni kuteleza kwa vidole. Siku ile Jebu alikuwa anaongea kwa simu na mdogo wake, anamwambia *tumi* toka kwenye mvua, na vidole vikaandika kilichosemwa na mdomo. Mimi nilikuwepo."

Sikuwepo. Lakini ilikaa vizuri.

Mwalimu alilegea uso. Nadhani na yeye alikuwa anatafuta mlango. "Kama ni hivyo, kazi ni rahisi. Mwandishi atasema ni kosa, tutalirudisha neno la heshima, na hadithi itaingia kitabuni leo hii. Sema tu, mwanangu."

Wote wakamgeukia. Jebu alikuwa amekaa karibu na friji, simu mapajani. Nilimkonyeza mpaka jicho likaniuma. Jina lako, nilikuwa namwambia kwa kope, jina lako kwenye jalada, sema kosa tu, kosa ni neno fupi.

"Mjomba ni mwongo," alisema.

"We!" nikasema.

"Mdogo wangu hakuwa na hata chaji siku hiyo. Mwalimu, sikukosea. Ukuta unaanguka. Nani ana nafasi ya heshima ukuta ukimwangukia mtu wake?"

"Mtu wake!" Tonima alijiziba mdomo kwa mtandio. "Kasema mtu wake!"

"Basi umejihukumu," Mwalimu akasema, na alisema kwa huzuni, siwezi kumsingizia.

"Lakini ni neno moja!" nikapayuka. "Moja kati ya maneno mia nane! Hesabu gani hiyo, Mwalimu, au siku hizi mnahesabu kwa vidole vya miguu?"

Akanigeukia pole pole. "Khalilur, wewe ni mtengeneza mtindi. Tone la ndimu likidondokea sufuria ya maziwa, limeharibika tone au imeharibika sufuria?"

Watu wakacheka. Miaka thelathini na moja ya kuchemsha maziwa, na mtu wa chaki ananipiga kwa sufuria yangu mwenyewe. Nilikwenda kupanga vyungu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Jebu ndiye aliyesema. "Mwalimu, mtu mmoja akisema *tumi*, hayo bado si mapenzi. Yanaweza kuwa hofu. Yanaweza kuwa ufidhuli. Mpaka mwenzake ajibu. Na Daktari Shiuli hajajibu, yuko ndani ya moshi."

Hakuna Mbangla asiyejua kwamba hilo ni kweli. Ukiambiwa *tumi* ukajibu *apni*, umemfungia mtu mlango usoni, bila kelele. Ukijibu *tumi*, biriani.

"Nipe sura moja zaidi," akasema. "Jibu lake tu. Kisha uhesabu zote mbili pamoja."

"Akijibu *apni*, nitawafuta," Tonima akanong'ona. Hakueleza atawafuta nani.

Mwalimu alitazama saa. "Mpaka adhana ya alasiri. Nakala ya kitabu inakwenda kwa mchapaji jioni. Na kumbuka: *tumi* ya pili, hata kama ni ya paka, hadithi yako inatoka."

Jebu aliandika pale pale. Nimewaona watu wakiandika. Wengi hutazama dari. Yeye alitazama simu kama anavyotazama daftari la wagonjwa, midomo ikicheza. Mara moja alisimama akamwambia bibi mmoja aliyeingia, "Mama, subiri zamu yako," kisha akakumbuka hapa si kwa daktari. Nilimpelekea mtindi, hakuugusa. Tonima alikula ule, na mwingine.

Adhana ilipoanza alimpa Mwalimu simu. "Usome kwa sauti," akasema. "Mimi sitaweza."

Mwalimu akangoja adhana iishe, akasoma. Inspekta Rafsan yuko hospitali, mkono una bendeji. Daktari Shiuli anaingia na jalada la kesi. Wanazungumza kuhusu wezi: nani aliwauzia mafuta ya taa, boti imefichwa wapi, kwa nini kufuli lilikatwa kutoka ndani. Mistari mingi, yote ya polisi safi. Hakuna *apni*, hakuna *tumi*. Jalada tu ndilo linaloongea. Nilianza kusikitika. Nikasema moyoni, mtoto ameogopa, amekimbilia kwa wezi.

Halafu Daktari anafunga jalada, anafika mlangoni. Anasimama akiwa amempa mgongo. Mwalimu akasoma mstari wa mwisho:

"'Chai itanywewa?'"

Akaishusha simu.

Ninyi mtasema, ni chai tu. Ngoja. Kwetu, mtu anapogombana na ulimi wake, *apni* imekuwa baridi na *tumi* bado inamchoma, huongea hivi, bila kumtaja mtu kabisa. Wali utaliwa? Safari inaelekea wapi? Kama vile chai itajinywa yenyewe. Mama yake Jebu, dada yangu, aliongea na mume wake hivyo miezi mitano ya kwanza ya ndoa. Nyumba nzima tulikuwa tunapita tumeinamisha vichwa kwa haya.

Tonima alikuwa amejifunika mtandio wote. Fundi wa saa wa jirani, mtu wa miaka sitini aliyekuja kununua chungu tu, aliegemea friji na kusema, "Ee Mola."

Mwalimu Motaleb alichukua karatasi na kalamu nyekundu. Akanakili mstari ule, akaanza kutafuta. Mkono? Hakuna. Mvua? Hakuna. Kutazamana? Amempa mgongo. Kalamu ikashuka, ikapanda, ikasimama juu ya neno "chai", ikaliacha. Masikio yake yalikuwa mekundu kuliko wino.

"Sifuri," akasema.

"Na lile la moto?" nikauliza, maana sijui kunyamaza.

"Lile halikujibiwa *tumi*. Kwa kauli ya mwandishi mwenyewe, bado si mapenzi. Sifuri na sifuri." Akavua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. Kisha akamtazama Jebu kwa muda mrefu, muda ambao kwenye jedwali lake ungekuwa mistari minane. "Lakini mimi ni mzee, nina wajukuu, na nimeona haya kuusoma mstari huo mbele za watu. Unaelewa?"

"Naelewa, Mwalimu." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kwa hiyo yamezidi?"

"Yamezidi. Yamezidi sana." Akavuta orodha ya mchapaji karibu. "Yanaingia. Haya, niandike jina gani? Ile Adhuhuri ya nini sijui?"

Tonima alianza kupiga makofi, nikamkanyaga mguu.

"Jebunnesa Khatun," alisema mpwa wangu.

Mwalimu akaanza kuandika. Jebu akainuka kwenye kiti, akainama juu ya meza, akaweka kidole kwenye karatasi.

"N mbili, Mwalimu," akasema. "Ni N mbili."